Gurudumu Guni

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo huzipita Tegeta, Boko na Bunju, ikauvuka Mto Mpiji ulio mpaka baina ya jiji na Mkoa wa Pwani, kisha ikaingia Mapinga. Abiria wa gari hupapita mahali hapo bila ya kupajua. Huona mikorosho na minazi, mabango ya viwanja vinavyouzwa, kuta za nyumba ambazo bado hazijaezekwa, na kabla hajalitia hata jambo moja moyoni amekwisha kufika Kerege, na baada ya Kerege ni Zinga, na baada ya Zinga ni Kiromo. Mpanda baiskeli safari yake ni nyingine. Yeye huisoma barabara kwa viganja vya mikono na kwa uti wa mgongo. Anajua pale lami ilipo nyororo na pale ilipobanduka, anaujua kila mteremko kwa mti ulio pembeni mwake, na mashimo ameyahifadhi kichwani kama malenga alivyohifadhi beti zake. Tofauti ni kwamba beti za malenga hazibadiliki usiku wa mvua, ilhali mashimo hubadilika.

Shimo la barabarani halizaliwi siku moja. Huanza kwa ufa mwembamba kama uzi, ufa ambao mwenye haraka hauoni na mwenye kuuona haujali. Masika yakifika, maji huingia katika ufa huo na kuulowesha udongo ulioibeba lami. Kila gari linapopita, uzito wake huyakamua yale maji, nayo hutoka yakiwa yamebeba mchanga na vumbi la kokoto. Hivyo chini huchimbika pole pole, na lami iliyo juu hubaki kama dari lisilokuwa na boriti. Kwa nje bado ni nzima. Halafu lori moja la mchanga hupita, si zito kuliko yale yaliyotangulia, na dari hubomoka. Watu husema lori lile ndilo lililoharibu barabara. Bandu bandu huisha gogo, walisema wazee, lakini jina hupewa shoka la mwisho.

Na shimo lililojaa maji ni baya kuliko shimo kavu, kwa kuwa maji huficha kina. Dimbwi la nusu shibiri na dimbwi la kumeza gurudumu huwa na uso mmoja, na zote mbili huakisi mbingu zile zile.

Asubuhi moja ya masika, mchuuzi wa samaki alikuwa akirejea Mapinga kutoka Bagamoyo, mwendo wa kilometa zaidi ya 20. Alikwisha kuhudhuria mnada wa ufukweni tangu alfajiri, akanunua vibua na changu, akawapanga katika tenga kwa tabaka za barafu iliyopondwa, akalifunga tenga juu ya keria kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kutoka katika tyubu kuukuu. Fedha aliyonunulia haikuwa yake yote. Nusu aliikopa kwa shemeji yake, na ahadi ilikuwa airejeshe jioni ya siku ile ile. Wateja wake walimjua kwa saa: akina mama wanaokaanga samaki kandokando ya barabara, ambao mafuta yao huwa yamekwisha kuchemka anapofika, na ambao samaki wa saa nne ni mali kwao, lakini samaki wa saa nane ni hasara ya kila mtu.

Karibu na mahali ambapo njia ya vumbi huiacha lami na kuingia vijijini, maji yalikuwa yametanda. Lori likaja nyuma yake likipiga honi. Akasogea kushoto kulipisha, kama kila mpanda baiskeli wa barabara ile anavyosogea, na gurudumu la mbele likatumbukia.

Mlio wake haukuwa wa kuvunjika. Ulikuwa mfupi na mkavu, kama nazi inapogongwa kwa kisu butu. Mchuuzi hakuanguka. Alishuka upande mmoja, akaishika baiskeli kwa nguvu zake zote isije ikalala na tenga, akaikokota mpaka pakavu. Alipoisukuma tena, gurudumu lilikuwa likigusa uma mara moja kwa kila mzunguko, na tairi lilikwisha kupoteza upepo wote. Mpira wa ndani ulikuwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba mithili ya meno ya nyoka, kwani ringi iliuminya baina ya chuma na ukingo wa lami, ikautoboa kwa pande mbili kwa pigo moja.

Inafaa hapa kueleza ringi ni kitu gani, kwa maana wengi huipanda na wachache huitazama. Mwaka 1888, mwaka ule ule ambao Abushiri bin Salim na watu wa pwani hii waliinuka kuipinga kampuni ya Wajerumani, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la kutiwa upepo katika mji wa Belfast. Tangu hapo upepo ndio unaopokea vishindo vidogo vya njiani. Lakini upepo una mpaka wake. Tairi likiwa halikujazwa sawasawa na mzigo ukiwa mzito, kishindo kikubwa huupita upepo na kuifikia ringi. Nayo ringi, japokuwa ni chuma, haisimami kwa ugumu wake. Ukiitoa peke yake, mtu mzima anaweza kuipinda kwa goti. Inayoisimamisha ni njiti, zile nyaya ambazo mafundi wengi huziita spoku, zinazoivuta kutoka pande zote kuelekea kitovuni. Kila njiti huvuta kwake, na kwa kuwa zote huvuta kwa kadiri moja, hakuna inayoshinda. Gurudumu ni ugomvi uliosawazishwa.

Katika baiskeli za mtindo wa kale wa Kiingereza, zilizoigwa kisha na viwanda vya Uchina na vya Bara Hindi na ambazo ndizo zilizobeba mizigo ya pwani kwa miaka mingi, gurudumu la nyuma huwa na njiti 40 na la mbele huwa na njiti 32. Hizo 32 hugawanyika: 16 hutoka upande wa kulia wa kitovu na 16 upande wa kushoto. Mpenzi wa ushairi hahitaji kuambiwa idadi hiyo inafanana na nini. Ni mishororo miwili ya mizani kumi na sita, mmoja ukivuta huku na mwenziwe ukivuta kule, na uzuri wa zote mbili u katika urari.

Fundi wa baiskeli wa mahali pale alikuwa mzee aliyeweka kazi yake chini ya mkorosho. Vifaa vyake vilikuwa vichache: spana, nyundo mbili, gogo la mti lililochongwa upande mmoja, pampu, na beseni la maji la kutafutia matundu. Alimwona mchuuzi kwa mbali akija kwa miguu, na kwa namna usukani ulivyokuwa ukiyumba alikwisha kuyajua yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Shimo la pale njia panda?"

"Lile lile, mzee wangu."

"Wewe ni wa tatu tangu juzi."

Mchuuzi alikuwa amekwisha kuinama aifungue nati ya gurudumu, lakini mzee alimzuia mkono. "Kwanza samaki," alisema, "kisha chuma. Chuma hakiozi leo." Akamwita mjukuu wake akatafute kijana wa bodaboda, na tenga likafunguliwa kutoka kwenye keria likapelekwa kwa akina mama. Mchuuzi alikwenda nalo. Barafu ilikuwa ikidondoka maji njia nzima. Saa ya neema ilikuwa imepita. Wengine walikwisha kununua kwa mchuuzi mwingine, na waliobaki walijua wazi kwamba mwenye tenga lisilokuwa na baiskeli hana nguvu ya kushindana kwa bei. Aliuza wote. Alipolipa bodaboda na kuitenga fedha ya shemeji, kilichobaki mkononi kilitosha kunyooshea ringi. Hakikutosha kununulia mpya.

Aliporudi chini ya mkorosho alikuta baiskeli imegeuzwa, imesimama juu ya usukani na tandiko lake, na gurudumu la mbele limevuliwa tairi. Mzee alikuwa akilizungusha taratibu, kipande cha chaki kikiwa kimetulizwa kwenye uma, na kila ringi ilipoyumba kuja upande ule chaki iliacha alama. Kisha akafanya jambo ambalo watu hulidhania mchezo. Akazipitia njiti kwa ukucha, moja baada ya moja, akisikiliza. Njiti iliyokazwa hutoa sauti nyembamba, na iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Nyingi zilijibu kwa sauti moja. Kisha zikaja nne pamoja zilizokaa kimya, na baada yake mbili zilizolia kwa ukali kupita kiasi, kwa sababu zimebebeshwa kazi ya zile nne. Hivyo ndivyo sikio la mwalimu wa ushairi linavyokaa juu ya shairi linalosomwa: halihesabu kwa vidole, lakini mshororo unapopungua mizani moja hushtuka. Shairi la namna hiyo wataalamu huliita guni. Gurudumu lile lilikuwa guni.

Kasoro zake zilikuwa tatu, na fundi alizieleza kwa utaratibu. Ya kwanza ni kuyumba kwa upande, na hiyo tiba yake ni kuzilegeza njiti za upande mmoja na kuzikaza za upande wa pili, robo mzunguko kwa robo mzunguko, bila ya pupa. Ya pili ni bonyeo pale ukingo wa shimo ulipopiga, na hilo hupunguzwa kwa kulegeza njiti za jirani, kuilaza ringi juu ya gogo na kuigonga kwa nyundo kupitia kipande cha ubao, ili chuma kirudi bila ya kuchubuka. Chuma hicho ni chuma cha pua, na chuma cha pua kina uvumilivu. Hukubali kukunjwa na kukunjuliwa. Lakini uvumilivu wake huhesabika, na kila ukunjo huchukua sehemu yake. Ya tatu ni hapo. Pembeni mwa bonyeo, kutoka kwenye tundu la njiti, ufa mdogo ulikuwa umetambaa kuelekea ukingoni. Haukuzidi upana wa punje ya mpunga.

"Kuyumba nitakuondolea," mzee alisema. "Bonyeo nitalipunguza. Huu ufa sina dawa yake."

"Mzee wangu, unyooshe hivyo hivyo. Nitautumia mpaka mwisho wa mwezi, kisha nitanunua nyingine."

"Kwa mtu mtupu anayekwenda dukani kununua sukari ningekubali. Kwa tenga la samaki, na malori haya, na mteremko wa kwenda Mpiji, sikubali."

"Nikienda kwa fundi mwingine atakubali."

"Atakubali," mzee alijibu, "na huenda ukafika mwisho wa mwezi salama. Lakini hili ni gurudumu la mbele, mwanangu. La nyuma likivunjika, hukukalisha chini. La mbele likivunjika, hukurusha."

Palikuwa na kimya. Ni rahisi kwa msomaji aliyekaa barazani kusema kwamba mzee alikuwa na haki. Mchuuzi naye alikuwa na haki yake. Baiskeli ikilala siku tatu, siku tatu hapana samaki. Wateja hujifunza njia ya mchuuzi mwingine, na mteja akishajifunza njia nyingine hairudii ya kwanza kwa urahisi. Hatari ya ufa ilikuwa ya siku isiyojulikana. Hatari ya njaa ilikuwa ya kesho. Wengi wa wanaosafiri na vyombo vibovu hawasafiri kwa ujinga. Wamezipima hatari mbili, wakaichagua ile ambayo haina tarehe.

Pwani hii ina historia ndefu ya mizigo, na historia hiyo haikuanza na magurudumu. Pembe za ndovu zilizofika Bagamoyo kutoka Ujiji na Tabora zilikuja juu ya mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama ambao wangeweza kukokota. Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay aliongoza kazi ya kukata njia kutoka Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, mpaka Mpwapwa, kwa matumaini kwamba magari ya ng'ombe yangepita. Njia ilikatika, ng'ombe walikufa. Bega la mtu likaendelea kuwa gurudumu la nchi. Baiskeli ilipokuja baadaye, ndiyo iliyomtua mchukuzi mzigo begani, ikauweka juu ya keria. Ndiyo maana baiskeli katika vijiji vya pwani haikupata kuwa chombo cha matembezi. Ni bega la pili la mwenye nyumba, na bega likiteguka nyumba nzima huumwa.

Kuna makosa mawili ambayo watu huyafanya juu ya vitu vilivyoharibika. Kosa moja ni kutupa kinachotengenezeka, na hili ni kosa la wenye nacho. La pili ni kuendelea kutengeneza kilichokwisha, na hili aghalabu ni kosa la wasionacho, wala si kwa kupenda. Fundi mzuri ni yule anayeujua mpaka baina ya hayo mawili, na mpaka huo hauandikwi popote. Hata mtunzi hukutana nao: uko mshororo unaopona kwa kubadilishwa neno moja, na uko ambao kila neno utakalolibadilisha litaufichua ubovu wa jirani yake, mpaka ukubali kuufuta wote. Kuujua mpaka si kazi nyepesi. Kuusema mbele ya mtu asiyekuwa na fedha ni kazi nzito zaidi, kwani anayeambiwa ukweli huo hukuona kama kwamba wewe ndiye uliyempasulia ringi.

Mzee hakuongeza maneno. Alikwenda nyuma ya mkorosho, ambako mafremu kadhaa yalikuwa yamelazwa, akarudi na ringi ya zamani iliyotoka katika baiskeli iliyokufa. Ilikuwa na kutu ya juu juu, lakini ilikuwa mviringo. Aliizungusha kidoleni, akaitazama dhidi ya mwanga, akamkabidhi mchuuzi aitazame mwenyewe. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo, na hata hiyo hakuitaka siku ile. "Utanilipa kidogo kidogo," alisema. "Ya kazi nipe leo. Ya ringi tutaandikiana moyoni."

Adhuhuri yote ilikwenda katika kazi hiyo. Njiti 32 zilifunguliwa kutoka katika ringi iliyopasuka, zikapangwa juu ya gunia, zilizopinda zikanyooshwa, na tatu zilizochoka zikabadilishwa. Kisha zikarudishwa moja moja kwenye kitovu kile kile, zikipishana kama ukili unaosukwa, hii juu ya ile, ile chini ya hii. Mwanzo gurudumu lilikuwa legelege na la kuchekesha. Kadiri vijikofia vya njiti vilivyokazwa, robo huku na robo kule, ndivyo lilivyoanza kujikusanya. Mchuuzi ndiye aliyekuwa akizungusha na mzee ndiye aliyekuwa akisikiliza. Ilipofika alasiri chaki ilipita mzunguko mzima bila ya kugusa, na ukucha wa mzee ulipozipitia njiti zote zikajibu kwa karibu sauti moja. Karibu, si kamili. Ringi ya zamani ina kumbukumbu zake.

"Urudi baada ya siku tatu au nne," mzee aliagiza. "Njiti mpya hulala zikishabebeshwa, zikalegea. Lazima zikazwe tena. Na upepo ujaze, mwanangu. Tairi laini ndilo linaloua ringi."

Siku ya nne mchuuzi alirudi akiwa na sehemu ya kwanza ya deni, na vibua wawili waliofungwa katika gazeti. Njiti zikakazwa. Ringi iliyopasuka ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mjukuu wa mzee, ambaye aliikimbiza kwa kijiti katika njia ya vumbi pamoja na wenziwe. Kwa mwendo wa mtoto, chuma kile kilikuwa bado na miaka mingi.

Lililobaki ni shimo. Katika kijiji palikuwa na watu waliosema, nusu kwa mzaha, kwamba mzee wa mkorosho analiombea shimo lile dua njema, kwani ndilo shamba lake. Mzaha huo una ukali, maana ni kweli kwamba fundi hula kwa mashimo kama tabibu anavyokula kwa homa. Mzee aliusikia na hakuujibu. Lakini mvua zilipotulia siku mbili, alionekana jioni akiwa na toroli la vipande vya tofali na mawe, akilijaza shimo na kulishindilia kwa gogo lile lile analonyooshea ringi. Mchuuzi alipita, akashuka, akaegemeza baiskeli yake kwenye nguzo, akashika upande wa pili wa gogo. Wote wawili walijua kwamba tofali na udongo si lami, na kwamba mvua kubwa ya kwanza itavirudisha shambani. Walishindilia mpaka giza likaingia, kwa sababu alfajiri palikuwa na watu wa kupita.